Hewa bila daftari hupotea bila habari: Jinsi wapiga mbizi wanavyohesabu pumzi zao

SEPTEMBA 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Lilipoopolewa Oktoba 11, Wakenya walikuwa wamehesabu siku 13 za simanzi, na wengi walikuwa wakiuliza mbona kazi ya kulitafuta imechukua muda mrefu kiasi hicho.

Maji ya kivuko hicho yana mkondo mkali na chini yake hakuonekani vyema. Hata hivyo, sehemu nyingine ya jibu imo katika hesabu ambayo kila mpiga mbizi hufunzwa kabla ya kukabidhiwa mtungi wa hewa. Gari hilo lilikuwa katika kina cha takriban mita 58. Mtungi wa kawaida ambao ungemtosha mtu kwa saa mbili akipumua juu ya maji humalizika kwa muda usiotimia dakika 18 katika kina hicho, na hapo bado hajahesabiwa hewa ya kumrudisha juu.

Wataalamu wanaotumwa mbali hivyo huhitaji matayarisho na vifaa kuliko mtalii anayekwenda kutazama samaki Watamu. Lakini kanuni inayowabana wote ni moja, nayo ni rahisi kueleweka na yeyote ajuaye kuzidisha na kugawanya.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mpiga mbizi, mali hiyo ni hewa, na daftari siku hizi aghalabu ni programu ya kompyuta au ya simu. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, jinsi programu inavyoirahisisha, na mahali ambapo programu hiyo hiyo inaweza kumhadaa mwenyewe.

Uzito wa maji

Mtu aliyesimama ufuoni hubanwa na shinikizo la hewa la takriban bar 1, yaani kipimo kinachokaribiana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Akiteremka baharini, kila mita 10 za maji humwongezea bar nyingine 1. Kwa hivyo, katika mita 10 anabanwa na bar 2, katika mita 20 bar 3, na katika mita 30 bar 4.

Mwaka 1662, mwanasayansi Robert Boyle alichapisha kanuni kwamba gesi ikibanwa maradufu, nafasi inayoijaza hupungua kwa nusu, mradi joto lisibadilike. Puto lililojazwa hewa ufuoni kisha likashushwa hadi mita 10 litabaki nusu ya ukubwa wake. Likifika mita 30 litakuwa robo.

Mapafu ya mpiga mbizi hayawezi kuachwa yakajikunja kama puto hilo. Ndiyo maana kifaa anachokiuma mdomoni humpa hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Kifua chake kinajaa kama kawaida, lakini kila pumzi sasa imesheheni hewa nyingi zaidi. Katika mita 30, pumzi moja huchota mtungini hewa ya pumzi nne za ufuoni.

Vifaa vya namna hii vilipata umaarufu baada ya Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan kuunda kifaa cha kupumulia kiitwacho Aqua-Lung mwaka 1943. Wapiga mbizi wengi wa miaka ya mwanzo hawakuwa na geji ya kusoma wakiwa chini ya maji. Walitegemea vali ya akiba: pumzi ilipoanza kuwa nzito, mtu alivuta kijiti pembeni mwa mtungi ili kufungulia hewa kidogo iliyosalia, kisha akaanza kupanda. Ikiwa kijiti kilikuwa kimeshavutwa kwa bahati mbaya, hapakuwa na onyo la pili.

Hesabu yenyewe

Leo geji ipo, lakini inaeleza tu kilichosalia. Haielezi kilichosalia kitatosha kwa dakika ngapi. Kulijua hilo kunahitaji mpiga mbizi afahamu kiwango chake cha msingi, yaani lita za hewa anazotumia kwa dakika moja endapo angekuwa juu ya maji. Kiwango hiki hakifanani kati ya mtu na mtu, na hakipatikani kitabuni. Hupatikana katika mbizi ambazo mtu mwenyewe amekwisha kuzipiga.

Hesabu ina hatua tatu. Kwanza, toa shinikizo la mwisho la mtungi kutoka kwa lile la mwanzo, kisha uzidishe kwa ujazo wa mtungi kwa lita. Jibu ni lita za hewa zilizotumika. Pili, tafuta shinikizo la maji katika kina cha wastani: gawanya kina hicho kwa 10, kisha uongeze 1. Tatu, gawanya lita zilizotumika kwa dakika za mbizi, na jibu uligawanye tena kwa shinikizo la maji.

Tuchukue mfano wa mpiga mbizi aliyeteremka katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, karibu na kisiwa cha Wasini, akiwa na mtungi wa lita 12. Alianza na bar 200 na kuibuka na bar 60 baada ya dakika 40, katika kina cha wastani cha mita 15.

Ametumia bar 140. Zikizidishwa kwa 12, ni lita 1,680. Shinikizo katika mita 15 ni bar 2.5. Lita 1,680 zikigawanywa kwa dakika 40 ni lita 42 kwa dakika; nazo zikigawanywa kwa 2.5, jibu ni lita 16.8. Hicho ndicho kiwango chake cha msingi kwa mbizi hiyo.

Si ajabu mwanagenzi kupata lita 20, 25 au zaidi. Mzoefu aliyetulia huweza kutumia kati ya lita 12 na 16. Tofauti hiyo huletwa na ukubwa wa mwili, baridi, hofu, uzani wa risasi kiunoni usiolingana na mwili, na kazi anayoifanya mtu kupambana na mkondo.

Wapo wanaopima kwa bar zinazopungua kila dakika badala ya lita. Njia hiyo ni nyepesi kwa mtu anayetumia mtungi wa aina moja siku zote. Lakini bar 4 za mtungi wa lita 15 ni lita 60, ilhali bar 4 za mtungi wa lita 10 ni lita 40. Anayebadilisha mitungi anashauriwa kuhesabu kwa lita.

Kutoka daftari hadi kompyuta

Kwa miaka mingi hesabu hizi ziliandikwa kwa kalamu katika daftari la mbizi, na wapo ambao wangali wanafanya hivyo. Ugumu mkubwa ulikuwa kupata kina cha wastani, kwani mtu hakai mahali pamoja. Hupanda na kushuka akifuata mwamba.

Ugumu huo uliondolewa na kompyuta ndogo ivaliwayo mkononi kama saa. Kifaa hiki hupima kina kila baada ya sekunde chache na kuhifadhi mwenendo wote wa mbizi. Vingine hupokea pia shinikizo la mtungi kutoka kwa kipeperushi kidogo kinachofungwa mtungini. Baada ya mbizi, taarifa hizo huhamishiwa kwenye tarakilishi au simu kwa waya au kwa Bluetooth, na programu ya kumbukumbu za mbizi huzipokea na kuzihesabu.

Programu za aina hii ni nyingi. Baadhi hutolewa na watengenezaji wa kompyuta za mkononi, nyingine hununuliwa, na nyingine ni za bure. Miongoni mwa zile za bure ni Subsurface, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyevumbua kiini cha mfumo wa Linux na ambaye ni mpiga mbizi. Mwaka uliofuata, usimamizi wake ulichukuliwa na Dirk Hohndel. Subsurface hufanya kazi katika tarakilishi za Linux, Windows na Mac, na lipo toleo la simu.

Kwa asiye na kompyuta ya mkononi, programu hiyo inamruhusu kuandika mbizi kwa mkono: tarehe, mahali, muda na kina. Katika sehemu ya vifaa hujaza aina ya mtungi, ujazo wake, shinikizo la mwanzo na la mwisho. Mara tu anapomaliza, programu humwonyesha kiwango chake cha msingi. Mbizi zikiwa nyingi, huweza kuzipanga kwa mwaka au kwa safari na kulinganisha.

Faida nyingine ni kwamba programu hukumbuka jambo ambalo hesabu ya mkono hulipuuza. Hewa iliyobanwa sana haifuati kanuni ya Boyle barabara. Mtungi wa bar 300 hauna hewa maradufu ya ule wa bar 150, bali una pungufu kidogo. Subsurface huzingatia upungufu huo, hivyo si kosa majibu yake yakitofautiana kidogo na ya kikokotoo.

Makosa yanayomsifu mtu

Hata hivyo, programu haijui kweli zaidi ya ile iliyoambiwa. Ikipewa taarifa potovu, hutoa jibu potovu lenye sura ya usahihi. Hatari kubwa ni kwamba makosa mengi ya kawaida humfanya mpiga mbizi aonekane mtumiaji bora wa hewa kuliko alivyo.

Kosa la kwanza ni kutumia kina cha mwisho kabisa badala ya kina cha wastani. Iwapo yule mpiga mbizi wa Kisite alifika mita 22 kwa muda mfupi tu, kisha akaiingiza 22 mahali pa 15, kiwango chake kitashuka kutoka lita 16.8 hadi takriban lita 13. Hakujifunza lolote wala hakutulia zaidi. Ameandika tarakimu isiyofaa.

Kosa la pili ni ujazo wa mtungi. Programu huweza kurudia mtungi wa mbizi iliyotangulia. Kama uliotangulia ulikuwa wa lita 10 na wa leo ni wa lita 12, na mwenyewe asirekebishe, programu itamwandikia lita 14. Wanaokodi mitungi wanapaswa kusoma maandishi yaliyochongwa shingoni mwake. Mtungi wa alumini unaotumika sana duniani, ujulikanao kwa futi za ujazo 80, una ujazo wa lita 11.1, wala si 12.

Kosa la tatu ni kuchanganya vipimo. Geji nyingine husoma kwa bar na nyingine kwa pauni kwa kila inchi ya mraba. Pauni 3,000 ni takriban bar 207. Kosa la kuchanganya vipimo hivi hugunduliwa upesi kwa kuwa majibu huwa ya ajabu. Yale mawili ya kwanza ndiyo ya kuogopwa kwa sababu majibu yake yanasadikika.

Lipo pia suala la joto. Mtungi uliotoka kujazwa huwa moto, na shinikizo lake hupungua ukipoa baharini hata kabla mtu hajavuta pumzi. Ni vyema kuandika shinikizo la mwanzo baada ya mtungi kupoa, kwani bar zilizopotea kwa baridi hazikupumuliwa na mtu.

Hewa ya kurudia juu

Thamani ya kujua kiwango cha msingi huonekana mtu anapopanga mbizi ijayo. Tuseme yule yule sasa anataka kuyaona mabaki ya MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki, na anapanga kufika mita 30.

Kumbukumbu zake zinasema lita 16.8, lakini mahali ni pageni, kwa hivyo anakadiria lita 20. Katika mita 30, ambako shinikizo ni bar 4, atatumia lita 80 kwa dakika. Mtungi wake wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400.

Wengi hufunzwa kuibuka na akiba ya bar 50. Kwa haraka, mtu angetoa lita 600 za akiba, agawanye lita 1,800 zilizobaki kwa 80, na kujipa dakika 22. Hapo ndipo hesabu isiyokamilika inapoweza kumponza.

Mpiga mbizi hateremki peke yake. Mwenzake akiishiwa na hewa chini kabisa, mtungi mmoja utawapandisha wawili, nao watakuwa na hofu. Tuwakadirie lita 30 kila mmoja, yaani lita 60 kwa dakika. Dakika moja ya kutulia na kugawana hewa katika mita 30 itakula lita 240. Kupanda polepole kwa dakika nne, kwa shinikizo la wastani la bar 2.5, ni lita 600. Kutua dakika tatu katika mita 5, kama ilivyo desturi ya usalama, ni lita 270. Jumla ni lita 1,110.

Katika mtungi wa lita 12, hizo ni zaidi ya bar 92. Kwa maneno mengine, watu wawili walio katika mita 30 na geji inayosoma bar 50 hawana hewa ya kuibuka kwa utaratibu huo. Wanachoweza kufanya ni kupanda kwa pupa, na naitrojeni iliyoingia mwilini haisubiri mwenye pupa; hugeuka mapovu katika damu na viungo, ikaleta maumivu, kupooza au hata kifo.

Kwa hivyo, mpango salama ni kuanza kupanda geji inapofika bar 100. Hewa inayobaki ya kutumia chini ni lita 1,200, ambazo kwa lita 80 kila dakika ni dakika 15, pamoja na muda wa kuteremka. Dakika saba zimepungua katika matembezi, lakini watu wawili wamehakikishiwa njia ya kurudi.

Kanuni hizi hazichukui nafasi ya mafunzo. Wanaofuzu ngazi ya kwanza kwa kawaida huwekewa mpaka wa mita 18, na upigaji mbizi wa burudani kwa jumla hukomea mita 40. Aidha, kuanzia takriban mita 30 naitrojeni huanza kumlewesha mtu, naye hushindwa na hesabu ambazo ufuoni angezifanya kwa kichwa. Hii ni sababu nyingine ya kuzifanya mapema na kuteremka na jibu lililokwisha kuandikwa.

Kusoma kumbukumbu

Mbizi moja haitoshi kumweleza mtu alivyo. Kumi au ishirini huanza kuonyesha mwelekeo, hasa kama kila moja imeandikiwa hali ya bahari. Katika mwambao wetu, mbizi za msimu wa kaskazi, wakati bahari imetulia, hazipaswi kulinganishwa kiholela na zile za kusi. Vivyo hivyo, mkondo wa siku za bamvua si sawa na wa siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana.

Mwenye kuandika haya yote ataweza kuona, mathalani, kwamba kiwango chake ni lita 15 katika maji tulivu lakini hufika 22 penye mkondo. Akienda mahali penye mkondo, 22 ndiyo tarakimu ya kupangia, wala si wastani wa zote. Kiwango kikipanda ghafla bila sababu ya bahari, ni ishara ya kukagua vifaa, uzani wa risasi, au afya yake.

Jambo la kuepukwa ni kuifanya tarakimu hiyo mashindano. Wapo wanaobana pumzi ili geji ishuke polepole na programu iwasifu. Kufanya hivyo huongeza kaboni dioksidi mwilini na kuleta maumivu makali ya kichwa. Na anayezuia pumzi huku akipanda anahatarisha mapafu, kwani hewa iliyomo hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Pumzi ya mpiga mbizi inapaswa kuwa ndefu, ya polepole na isiyokatizwa. Mwenye kifua kikubwa atatumia hewa nyingi kuliko mwenzake mdogo, na hilo si dosari. Anachohitaji ni mtungi mkubwa au mbizi fupi.

Kwa anayeanza leo, matayarisho si makubwa. Baada ya kila mbizi, aandike shinikizo la mwanzo na la mwisho, ujazo wa mtungi, muda na kina cha wastani akiwa angali chomboni, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na za mbizi inayofuata. Jioni aviingize katika programu. Mara kwa mara ahesabu mbizi moja kwa kalamu na kulinganisha na jibu la programu. Yakiachana sana, atafute kosa kabla ya kurudi baharini, kwa sababu safari ijayo atakuwa akiipanga kwa tarakimu hiyo, na huenda si uhai wake peke yake utakaoitegemea.